Chagua Karatasi Kabla ya Rangi

Bondi, ile karatasi ya kawaida isiyopakwa, haina wapenzi wengi kwenye kaunta ya uchapaji. Mteja anapitisha mkono juu ya sampuli, anafika kwenye glosi, ile iliyopakwa ikang'aa, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, anatabasamu. Akifika kwenye bondi anaisukuma pembeni: "Hii si ya fotokopi hii?" Nimekaa kwenye uchapaji hapa Kariakoo muda wa kutosha kulizoea swali hilo, kwanza nikiwa mpokea wateja, baadaye msimamizi wa kazi kuanzia kwenye kompyuta hadi kwenye mashine ya kukatia. Jambo ninalolirudia kila siku, kwa wateja na kwa vijana wa dizaini, ni kwamba karatasi isiyopakwa si glosi ya bei nafuu. Ni karatasi ya aina yake, ina kazi ambazo glosi haiziwezi, na inataka iamuliwe mwanzo kabisa, kabla mtu hajafungua kompyuta. Ukiikumbuka mwishoni, bajeti ilipogoma, itakuumbua.

Karatasi hizi huanza kama rojo la nyuzi, mara nyingi za miti. Glosi na mati, yaani iliyopakwa isiyong'aa, baada ya karatasi yenyewe kuundwa, hupakwa tabaka la kaolini, yaani ule udongo mweupe, pamoja na chokaa iliyosagwa laini na gundi ya kuvishikilia, kisha ya glosi husuguliwa na rola mpaka iteleze. Isiyopakwa hairushwi hatua hiyo kwa uzembe. Imekusudiwa ibaki na nyuzi zake juu. Ila haiko uchi kabisa. Bondi ya kuandikia huwekewa dawa ya kuzuia maji kuanzia kwenye rojo, halafu juu yake hupitishwa wanga mwepesi. Ndiyo sababu kalamu ya wino haisambai kwenye bondi nzuri lakini kwenye karatasi ya gazeti herufi inaota ndevu.

Mzee aliyenifundisha mashine alikuwa na kipimo chake. Alilowanisha kidole ulimini, akakigusisha kwenye kona ya karatasi, akaigeuza nyuma na kusubiri. Doa likitokeza upande wa pili upesi, aliguna tu, na rimu ile ikaenda kuchapia vipeperushi. Mpaka leo nafanya hivyohivyo mzigo mpya ukiingia, ingawa vijana wananicheka.

Ukitaka picha ya kuelewa haraka, glosi ni ukuta uliopakwa rangi ya mafuta na bondi ni ukuta wa lipu tupu: maji yale yale, kwenye mmoja yanateleza, kwenye mwingine yanazama. Wino wa mashine ya ofseti, ile ya kuchapia nakala nyingi, hukauka kwa njia mbili, kwa kuzama ndani ya karatasi na kwa kugandishwa na hewa. Kwenye glosi sehemu kubwa ya wino inabaki juu, inagandia pale, inang'aa. Kwenye bondi unazama. Mengine yote ninayoyaeleza hapa chini yanatokana na kuzama huko.

Kazi ninayopenda kuisimulia ni ya kikundi cha akina mama wa Mbagala waliokuja kuchapisha vitabu vya hisa vya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Walikuja watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na faili lililokwisha tengenezwa na kijana wa mmoja wao. Kazi nzuri, rangi zimepangika, na ameandika kabisa: ndani glosi gramu 130, yaani uzito wa mita moja ya mraba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sisi tunataka kitu cha heshima, siyo daftari la shule."

Nikauliza hisa wanazirekodije. Wakanieleza utaratibu unaojulikana na vikundi vingi: kila kikao mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, na kila hisa inapigiwa muhuri kwenye kisanduku chake. Mweka hazina alikuwa na muhuri wenyewe kwenye mkoba, pamoja na pedi yake ya wino wa bluu. Nikamwomba. Nikachukua kipande cha glosi na kipande cha bondi ya gramu 100, nikagonga muhuri mara moja kwenye kila kipande, nikawaachia wauangalie kwa macho kwanza. Kwa macho, glosi ilishinda. Ua lililochongwa kwenye ule muhuri lilionekana mpaka ncha za majani yake. Kwenye bondi kingo zililegea kidogo.

Kisha nikamwambia katibu apitishe kidole gumba. Kwenye bondi kidole kilitoka na kivuli tu cha bluu. Kwenye glosi ua lote lilihama, likavuka mstari wa kisanduku, likaingia kwenye kisanduku cha wiki inayofuata.

"Ngoja kwanza," nikasema, "hivi vitabu baada ya kikao mnavifanyaje?"

"Tunavipanga kwenye sanduku, tunafunga kufuli tatu."

Kimoja juu ya kingine, vimefungwa, muhuri bado mbichi. Mwenyekiti aliwahi kabla sijamaliza. "Kwa hiyo mtu amenunua hisa tano, akifungua wiki ijayo anakuta na upande wa pili kuna tano nyingine zimegeuka kichwa chini." Wakacheka wote watatu, kisha mweka hazina akanyamaza, kwa sababu yeye ndiye ambaye angetakiwa kuzieleza mwisho wa mwaka, siku ya kugawana. Ndani ikawa bondi gramu 100. Heshima tukaihamishia kwenye kava: kadi nene, rangi kamili, lamineti, yaani nailoni nyembamba ya kubandika, upande wa nje tu, na ndani ya kava tukaacha bila lamineti ili jina la mwanachama na namba yake viandikike kwa kalamu.

Chochote kitakachoguswa na kalamu, penseli au muhuri kiwe kwenye karatasi isiyopakwa. Kadi za kliniki, ambazo muuguzi anajaza uzito wa mtoto huku foleni imefika mlangoni. Vitabu vya risiti, fomu za shule, karatasi za mitihani, kadi za michango ya harusi zenye ile nafasi ya "Bw./Bi./Familia ya". Hizi kadi za michango ndizo zinazoniumiza zaidi, maana karibu kila mtu anazitaka zing'ae, halafu kamati inakaa usiku kujaza majina mia tatu kwa kalamu ya jeli na kuzitandaza kwenye makochi zikauke. Siku hizi huwaambia: upande wa mbele weka unavyotaka, ila chagua kadi iliyopakwa upande mmoja tu, nyuma ibaki tupu. Kadi za namna hiyo zipo madukani. Wengi hawajui kuuliza.

Rangi ndiyo yenye kesi nyingi. Picha iliyochapwa ukiiangalia kwa lenzi ni nukta: siani, majenta, njano na nyeusi. Wino ukigusa bondi, nukta inazama na kutanuka kandokando. Nukta ambayo kwenye kompyuta inafunika nusu ya eneo lake, yaani 50%, kwenye glosi itaonekana kama sitini na kitu, na kwenye bondi itavuka 70. Kwa hiyo picha nzima inaingia giza. Anga la bluu linakuwa la mvua, majani yanakuwa ya zeituni, na sura za watu, hapo sasa.

Sura za watu weusi kwenye bondi ni somo ambalo vitabu vingi vya rangi nilivyowahi kuonyeshwa havilitilii maanani, kwa sababu picha zao za mfano ni za wasichana wa Ulaya. Ngozi zetu zinakaa palepale kwenye rangi za kati na za giza, na hapo ndipo bondi inapotanua nukta kuliko kwingine. Tuliwahi kupokea kitabu cha kumbukumbu ya jubilei ya parokia moja, kimejaa picha za kwaya. Picha za mchana, nje ya kanisa, jua la saa saba, mashati meupe. Mpiga picha alikwishapunguza mwanga ili mashati yasiungue, sura zikawa nyeusi tangu kwenye kamera. Faili limeandaliwa kwa ajili ya glosi, na karatasi iliyolipiwa ni bondi. Ukilipeleka hivyo kwenye pleti, yaani bamba la kuchapia, unapata mashati yanayoimba.

Tulichofanya ni kazi ya mkono, picha moja moja. Unanyanyua rangi za kati za sura mpaka kwenye skrini zionekane zimepauka, kiasi kwamba mteja akipita nyuma yako atauliza una nini. Unapunguza nyeusi kwenye ngozi na kuziacha njano na majenta zibebe joto la sura. Unahakikisha kuna tofauti ya kutosha kati ya shavu na kivuli cha pua, kwa sababu karatasi itakula sehemu ya tofauti hiyo. Na jumla ya rangi zote nne mahali penye giza kabisa unaiwekea kikomo. Sisi kwa bondi hatuvuki 280%, na kwa karatasi ya gazeti kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni 240%. Ukivuka hapo huongezi weusi wowote. Unaongeza tope na siku za kukausha.

Siku hizi mambo yamerahisishwa kiasi. Programu za dizaini zinakuja na profaili za rangi, na zile zilizotengenezwa kutokana na vipimo vya taasisi ya Fogra ya Ujerumani zinatofautisha karatasi: FOGRA39 na FOGRA51 ni za iliyopakwa, FOGRA52 ni ya isiyopakwa. Kijana akichagua ile sahihi tangu mwanzo, kompyuta yenyewe inambadilishia picha na kumwonyesha kwenye skrini rangi zitakavyopoa. Tatizo ni kwamba akiona zimepoa anadhani kompyuta imeharibika, anairudisha ile ya glosi.

Halafu kuna mtego wa prufu. Mteja anachapishiwa mfano kwenye mashine ya leza, juu ya bondi hiyohiyo, anaona rangi zinawaka, anasaini. Tona ya leza ni unga unaoyeyushwa na joto na kugandia juu, haunywewi. Ofseti ikija kuchapa nakala elfu mbili juu ya karatasi ileile, wino unazama, na mteja anarudi na prufu yake mkononi kama hati ya mahakama. Ana haki ya kulalamika, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mimi kwenye kila prufu ya leza ya kazi ya ofseti huandika kwa kalamu pembeni: maneno na mpangilio tu, rangi si hizi. Kisha naweka na kipande cha kazi ya zamani iliyochapwa kwa ofseti kwenye bondi, aone mwenyewe.

Rangi maalumu za makampuni zina ugomvi wao, mfupi. Kwenye kitabu cha rangi cha Pantone namba moja inaweza kufuatwa na herufi C au U. Wino kwenye kopo ni uleule. Herufi inakuonyesha utakavyoonekana kwenye karatasi iliyopakwa na isiyopakwa. Mteja anayetaka kijani chake cha kalenda kifanane na kijani cha karatasi ya barua anaomba jambo ambalo wino mmoja hauwezi kumpa. Mpe vipande vyote viwili avitazame juani, mara nyingi anakubali.

Mambo madogo ya dizaini nitayapitia tu. Herufi nyeupe ndogo juu ya rangi nzito huzibwa, hasa zenye miguu myembamba. Nenepesha herufi, au rangi ya nyuma yake iwe moja tu. Mistari myembamba ya rangi mbili usiitake. Skrini, yaani msongamano wa nukta za picha, ikiwa laini sana kama inavyopendeza kwenye glosi haifai. Punguza mpaka mistari 133 ya nukta kwa inchi, na kwa gazeti hata chini ya 100.

Dar es Salaam ina jambo lake jingine, nalo ni hewa. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi hupenda maji hata yale yasiyoonekana. Viwanda hutengeneza karatasi ikae vizuri kwenye unyevu wa hewa wa karibu nusu, 50% hivi. Masika ya Machi hadi Mei hapa kwetu hayana habari na nusu. Ukifungua rimu jioni na kuiacha mezani, asubuhi kingo zake zimeota mawimbi, kwa sababu pembeni pamenyonya unyevu na kutanuka huku katikati pamebaki vilevile. Glosi nayo inaathirika, lakini tabaka lake linachelewesha. Bondi haicheleweshi kitu.

Kwenye mashine kubwa ya rangi nne hilo linavumilika, karatasi inaingia tupu na kutoka imekamilika. Lakini karakana nyingi za mjini zinaishi kwa mashine ndogo, Heidelberg GTO ya rangi moja au mbili, yenye kuchukua karatasi isiyozidi sentimita 36 kwa 52. Kazi ya rangi nne kwenye mashine ya rangi moja inapita mara nne. Ukichapa nyeusi leo, umeme ukakatika, ukaendelea na siani kesho, unachapa juu ya karatasi ambayo si ya jana tena. Imetanuka kwa upana wa nywele, na upana wa nywele unatosha midomo ya bibi harusi ikae shavuni. Mzee wangu wa mashine alifunika kila rundo kwa nailoni kati ya rangi na rangi, hata akienda kula. "Karatasi ikihema, na wewe utahema," alisema, akimaanisha usiku wa kurudia kazi.

Kutanuka huko kuna uelekeo. Nyuzi hulala upande mmoja, ule karatasi ilipokuwa ikikimbia kiwandani, na zikinywa maji hunenepa kuliko zinavyorefuka. Kwa hiyo karatasi hutanuka zaidi kukatiza nyuzi. Kujua zimelalia wapi ni rahisi: chana. Upande wa nyuzi mchano unanyooka, upande wa kukatiza unakwenda zigizaga. Katika kitabu nyuzi zilale sambamba na mgongo. Zikikaa kinyume kitabu hakifunguki kikatulia, kinajifunga chenyewe kama kimekasirika, na mgongo wa gundi unajikunja mawimbi masika ya kwanza. Wakati wa kukata karatasi kubwa kuna namna ya kupata vipande vingi zaidi kwa kuzigeuza nyuzi, na mfanyabiashara ataipenda namna hiyo. Mimi hukataa, isipokuwa kwa vipeperushi.

Bondi pia ina vumbi. Vinyuzi vidogo vinang'oka na kwenda kukaa kwenye blanketi la mashine, ule mpira unaohamishia wino kwenye karatasi, na kila kimoja kinaacha kidoa cheupe kwenye rangi nzito. Bondi ya bei ya chini inamfanya fundi aoshe blanketi mara kwa mara mpaka ile akiba uliyoipata dukani inaishia kwenye mafuta ya kuoshea na saa za ziada. Na kukauka kwake kunadanganya. Ukigusa baada ya dakika chache unaona kumekauka, ukisugua kwa nguvu kesho yake wino bado unatoka, maana rangi nzito iliyozama haikujenga ngozi ngumu juu. Kava lenye rangi nzito kwenye karatasi isiyopakwa nahesabu siku mbili kabla halijaenda kukunjwa, mteja apige simu asipige.

Kuhusu kununua. Kiwanda cha Mgololo, kule Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiitwa Southern Paper Mills, na wazee wa fani bado wanaizungumzia karatasi yake ya kuandikia. Siku hizi kinajulikana kwa karatasi ya kahawia. Webuye ya Kenya nayo, Pan Paper, ilifunga mwaka 2009. Bondi tunayochapia nyingi inatoka nje, Indonesia, Thailand, Afrika Kusini, kwa hiyo bei inacheza na dola, na dola ikipanda kunatokea rimu zilizoandikwa gramu 80 ambazo mkononi zinakutia wasiwasi. Dawa ni mizani. Karatasi ya A0 ni mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu yake ya kumi na sita. Gramu 80 gawanya kwa 16 unapata gramu 5 kwa karatasi, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Ile ya gramu 70 ina kilo mbili na gramu mia mbili, pungufu kidogo. Mizani ya duka la jirani inatosha, ile ya kupimia sukari. Nimewahi kuirudisha rimu kwa ushahidi huo na muuzaji akabadilisha bila neno.

Karatasi ya kahawia, tunayoiita kaki, nayo ni isiyopakwa, na ilituingizia wateja wapya baada ya Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Wenye maduka ya mikate, wa nguo, wa dawa, wote wakataka nembo kwenye mifuko ya kaki. Wengi walileta nembo zenye njano na bluu bahari. Wino wa ofseti unapitisha mwanga. Weupe wa karatasi ndio unaoipa rangi uhai. Chini kukiwa kahawia, njano inapotea na bluu inakuwa kijani cha bwawa. Waliopona ni wale waliokubali rangi moja iliyokolea: nyeusi, kijani kizito, nyekundu ya damu ya mzee. Mwenye duka moja la mikate aliacha kabisa nembo yake ya rangi tatu, akabaki na jina tu kwa nyeusi, na mfuko wake ndio ulionitamanisha kuliko yote.

Upande wa kusoma sina ubishi wa kuutafuta. Glosi chini ya taa inakupigia mwanga machoni, unaanza kuinamisha kitabu kama anayetafuta mtandao. Isiyopakwa inatulia. Tena ni nene kwa uzito uleule, kwa kuwa haikukandamizwa: bondi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo kitabu cha kurasa 200, ambacho ni karatasi 100, kinakupa mgongo wa sentimita moja hivi. Mtunzi anafurahi kuona kazi yake ina mgongo. Kinachotakiwa kuangaliwa ni maandishi ya nyuma kuonekana mbele. Chini ya gramu 70 yanaonekana, na hapo afadhali uipangilie mistari ya kurasa mbili ikutane mgongo kwa mgongo, isiyumbe. Ya rangi ya krimu ninaipenda kwa riwaya na mashairi. Ile nyeupe ya kung'aa kwa bluu imetiwa dawa ya kuing'arisha, na dawa hiyo huchoka kwenye jua. Gazeti linageuka manjano haraka zaidi kwa sababu nyuzi zake husagwa tu, lignini ya mti, ile gundi yake ya asili, inabaki humo. Za bondi hupikwa kwa kemikali mpaka lignini iondoke.

Sasa hivi mezani kwangu kuna kitabu cha mashairi cha kijana mmoja ambaye ameyasoma haya yote mahali fulani na amekuja amevuka mpaka: anataka hata kava liwe karatasi isiyopakwa, bila lamineti, jeusi tii, na jina kwa herufi nyeupe nyembamba. Nimemwelewa, kinapendeza mkononi. Lamineti yenyewe haikai vizuri juu ya uso wenye nyuzi, inaacha viputo kama ukungu, na ikiwa upande mmoja tu, masika yakifika ndani kunanyonya unyevu na kava linajikunja kwenda nje. Ila nyeusi nzito juu ya karatasi tupu itamwachia msomaji alama kwenye shati. Nilimsugulia kipande kwenye leso nyeupe, akaitazama leso muda mrefu. Tumekubaliana kijivu, herufi tukazinenepesha, na juu yake vanishi ya mashine. Bado anadai jeusi kwa nakala kumi za mwanzo, za marafiki, na hizo nimemwambia atazilipia kando.